Injini ya Forester ndani ya kombi ya 1985: uchambuzi wa kisa kimoja

Gari na wenyewe

Kisa hiki kinahusu kombi ya Volkswagen ya kizazi cha tatu, ile yenye umbo la kisanduku ambayo wenzetu wa Ulaya huiita T3. Ilitoka kiwandani mwaka 1985, ikageuzwa kuwa gari la kulala: paa linanyanyuka, lina jiko la gesi na friji ndogo, na kitanda cha nyuma kinakunjuliwa juu ya injini. Wenye gari ni mke na mume wastaafu wa kaskazini mwa Tanzania. Majina yao, ya mafundi na ya gereji nimeyaacha, na mambo machache yanayoweza kuwatambulisha nimeyaondoa. Mpangilio wa matukio na sababu za kila uamuzi sikuvigusa.

Gari walilinunua kwa msafiri wa Kijerumani aliyechoka nalo njiani. Likalipiwa ushuru, likapata namba za Tanzania, na wazee wakaanza kupanga safari: kwanza Usambara, halafu Iringa na Mbeya, mwisho mwambao wote kutoka Tanga hadi Mtwara. Injini ilipokufa kabla hata ya safari ya kwanza, niliombwa nilinganishe injini zinazoweza kuwekwa badala yake.

Kabla sijafungua hata mfuniko wa nyuma, mama mwenye gari aliniwekea sharti.

"Mwanangu, mimi sitafuti gari la kukimbia. Likinifia Makambako, fundi wa Makambako alijue."

Mzee alikuwa na lake pia, dogo kidogo: kitanda kisiguswe. Kwenye kombi hii mfuniko wa injini ndio sakafu ya nyuma, na godoro linalala juu yake. Injini yoyote inayozidi urefu wa ile ya zamani inamaanisha kukata bodi na kulala juu ya kichuguu.

Injini ya zamani ilivyokufa

T3 zilipoanza kutengenezwa mwaka 1979 injini zake za petroli zilipozwa kwa hewa. Kuanzia mwishoni mwa 1982 zikaja za kupozwa kwa maji, silinda nne zilizolala mbili huku na mbili kule. Hii ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,900 yenye kabureta: nguvu za farasi 78 na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 141. Kwa gari linalokaribia tani mbili na nusu likijaa watu na vyombo, hiyo si nguvu ya kujivunia, lakini inatosha kwa mtu asiye na haraka.

Udhaifu wake unajulikana. Rejeta iko mbele na injini iko nyuma, kwa hiyo maji zaidi ya lita 16 yanasafiri kwenye mabomba chini ya gari, kwenda na kurudi. Kisha kule kwenye injini, koti la maji limezibwa dhidi ya silinda hedi kwa gasketi ya mpira. Hedi ni za alumini. Ukiweka kulanti sahihi, yaani maji maalumu ya kupozea yenye dawa ya kuzuia kutu, na kuibadilisha kwa wakati, mpira ule unakaa miaka. Ukiweka maji ya bomba, alumini inaliwa taratibu pale pale mpira unapogusa.

Hili lilikuwa limekunywa maji ya bomba kwa muda mrefu. Dalili zilianza kwa tone moja chini ya gari asubuhi. Fundi wa kwanza akakaza boliti. Wa pili akapaka siliko kwa nje, na tone likahama upande wa pili. Siku moja karibu na Bomang'ombe likachemsha kweli, na dereva, ambaye hakuwa mmojawapo wa wazee wenyewe, akaendelea hadi injini ikanata. Tulipoivua hedi, ukingo ule ulikuwa na vishimo vya kuingiza ncha ya kucha.

Injini zilizoshindanishwa

*Kuifufua ileile.* Hili ndilo jambo la kwanza kulifikiria na watu wengi hulipuuza kwa sababu halina msisimko. Hedi mpya bado zinatengenezwa Ulaya, na pistoni na silinda zake zinapatikana kama seti. Ukifanya ovahoo kamili, kila kitu kinarudi mahali pake bila kukata wala kuchomelea, na namba ya injini kwenye kadi ya gari haibadiliki. Kikwazo kilikuwa kwamba kila kipande kinaagizwa nje, na kikiharibika njiani kinaagizwa tena. Kinga yake yote inategemea nidhamu ya kulanti, na gari hili litaongezewa maji na kila mlinzi wa kituo cha mafuta mwenye nia njema.

*Dizeli ya Volkswagen, 1.9 TDI.* Kwa karatasi hii ilishinda. Ile ya farasi 90 ya miaka ya tisini ina toki ya Nm 202 kwenye mizunguko 1,900 tu, na kwa kuwa ina taabo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, haipungukiwi sana na pumzi kwenye nyanda za juu. Kiwanda chenyewe kiliwahi kuuza T3 za dizeli, na injini zile ni ndugu wa TDI, kwa hiyo sampu (bakuli la oili chini ya injini), mauntingi na kengele ya giaboksi (ganda linaloiunganisha na injini) za T3 ya dizeli zinaifaa. Lakini injini hiyo lazima ilazwe ubavu kwa nyuzi 50 ili ikae chini ya kitanda, na ili ilale hivyo unahitaji vile vipande vya dizeli ya zamani hasa, si vya kubuni. Hapa kwetu T3 za dizeli zimebaki za kuhesabika. Na injini yenyewe? Magari madogo yanayoingia nchini hutoka zaidi Japani na ni ya petroli. TDI ungeinunua Ulaya, na pampu yake ya dizeli ikisumbua ungempata fundi wake mjini mkubwa, si kwenye barabara ya Njombe.

*Silinda tano ya Afrika Kusini.* Wengi hawajui kwamba T3 iliendelea kuundwa Uitenhage, Afrika Kusini, hadi 2002, miaka kumi baada ya Ulaya kuacha, na zile za mwisho zilifungwa injini za silinda tano zenye asili ya Audi. Ni badiliko safi kuliko yote kwa sababu kiwanda chenyewe kililifanya. Ungehitaji kununua kombi nzima iliyogongwa kule na kuileta vipande vipande. Mzee aliipenda sana. Bajeti haikuipenda.

*Toyota.* Hakuna mjadala wa injini Tanzania usiokuwa na mtu anayesema, "Weka tu 3L ya Hiace, utasahau gereji." Ni kweli kwa Hiace. Kwa kombi hii, injini ya wima ingetokeza juu ya kitanda kama meza, na uzito wote ule ungening'inia nyuma ya ekseli ya nyuma. Niliitaja kwenye ripoti kwa sababu ningeulizwa, nikaipita.

*Subaru.* Hapa ndipo mambo yalipopata uzito. Injini za Subaru zimelala kama ile ya zamani, kwa hiyo kitanda kinabaki salama. Zinazunguka upande uleule. Hilo si dogo: Honda za zamani huzunguka kinyume, na ukizifunga kwenye giaboksi kama hii bila kujua unapata gia nne za kurudi nyuma. Na Forester, Impreza na Legacy zimejaa kila mji. Mkanda wa taimingi, wota pampu, plagi na sensa zake zinauzwa Arusha, Dodoma, Iringa na Mbeya, na fundi aliyewahi kuifungua hakosekani.

Ila "Subaru" si jibu, ni swali jingine. Yenye taabo ilitoka mapema: joto lake ni kubwa, na kipoza hewa chake kinakaa juu ya injini kikipumua kupitia tundu la boneti, wakati chini ya kitanda hakuna boneti wala upepo. Ya 2,500 ina mvuto mzuri, zaidi ya Nm 220, lakini ina sifa mbaya ya hedi gasketi. Ilibaki ya 2,000 ya kawaida, ya farasi kati ya 125 na 140 kutegemea mwaka.

Uamuzi na sababu zake

Ilichaguliwa Subaru ya 2,000 isiyo na taabo. Sababu ya spea nimeshaieleza. Mbili nyingine nazitaja kwa sababu watu huzisahau.

Ya kwanza ni giaboksi. Ilikuwa ya 1985, haijawahi kufunguliwa, na iliundwa kubeba Nm 141. T3 yenye nguvu kuliko zote za aina ya injini hii, ile ya 2,100 ya farasi 112, ilikuwa na Nm 174. Subaru ya 2,000 inafika karibu na 180, yaani inakaa jirani na kile ambacho kiwanda chenyewe kilikiamini. Ya 2,500 ingeivunja giaboksi iliyochoka, labda si mwezi wa kwanza, lakini ingeivunja. Mama aliuliza kwa nini tusichukue kubwa tuendeshe polepole. Nilimjibu kwamba mlimani, nyuma ya lori, na gia ya pili, hakuna polepole: mguu unakanyaga hadi chini.

Ya pili ni kebo. Pedali ya mafuta ya kombi inavuta kebo ndefu hadi nyuma. Forester za mwanzo zina kebo pia. Za baadaye, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, zina mafuta ya umeme: pedali yake ni sensa, na kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, inataka kuiona pedali ileile, pamoja na mambo mengine mengi. Tulitafuta injini ya kamu moja kila upande, yenye kebo. Muuzaji alikuwa na nzuri zaidi, mpya zaidi, kwa bei ileile. Wazee walishangaa kuniona naikataa.

Jambo moja nililipendekeza likakubaliwa kwa shida: pleti ya kuunganisha injini na giaboksi, pamoja na flaiwili yake (gurudumu zito linalokaa kati ya kranki na klachi), ziagizwe nje kwa watengenezaji wa vifaa hivi, zisikerezwe hapa. Mafundi wetu wa kukereza wana mikono mizuri, na kazi nyingine zote walipewa wao. Lakini pale shafti ya giaboksi inapoingia katikati ya kranki, kuhama kwa sehemu ndogo ya milimita hakuonekani kwa macho. Kunaonekana baada ya miezi, klachi inapoanza kulia na beringi kuliwa. Pleti ile iligharimu karibu sawa na injini, na fundi mkuu hakulifurahia hilo.

Kazi ilivyokwenda

Injini iliingia mahali pake bila vita. Kilichochukua muda ni vitu vinavyoizunguka.

Sampu ya Subaru inashuka chini kuliko ya zamani, na kwa barabara zetu hiyo ni sawa na kuiomba jiwe. Ilikatwa, ikachomelewa upya ikiwa fupi na pana. Ukikata sampu lazima ukate na mrija unaofyonza oili, na swali ni mdomo wa mrija ubaki umbali gani kutoka chini ya sampu. Ukikaribia sana, unajinyima oili. Ukiwa mbali, kwenye kona mrija unafyonza hewa na injini inanoki. Kijana mmoja wa gereji alifanya jambo ambalo ningependa kila gereji ilifanye. Alichukua udongo wa kuchezea wa mtoto wake, akabandika kidonge chini ya mdomo wa mrija, akafunga sampu na gasketi yake, akakaza boliti zote, kisha akaifungua tena. Kidonge kilikuwa kimebonyea. Akakikata kwa wembe na kukipima: unene wa penseli. Hakubahatisha, na sampu ile haijawahi kuleta neno.

Waya ulikuwa na hadithi yake. Injini ilitoka kwenye gari la otomatiki, kama zilivyo Forester nyingi za mtumba, na kontrolboksi yake ilitegemea kuzungumza na giaboksi ambayo haipo. Ilibidi itafutwe kontrolboksi ya gari la gia za mkono, na kazi ikasimama hadi ikapatikana. Fundi wa umeme kisha akauchambua mkungu mzima wa nyaya, akaacha zinazohusu injini tu: sensa za kranki na kamu, hewa, joto, oksijeni, injekta, koili na relei ya pampu. Alifanya kazi safi. Alichoacha ni waya wa sensa ya mwendo, kwa sababu spidomita ya kombi inaendeshwa kwa kebo kutoka gurudumu la mbele kushoto, na hakukuwa na mahali pa kuuchomeka.

Njia ya mafuta ilibadilishwa yote. Kabureta huishi kwa pampu ya msukumo mdogo. Injekta zinataka takriban ba tatu. Mipira ya zamani ingetoa jasho la petroli juu ya injini ya moto, na kombi za aina hii zimeungua nyingi kwa kosa hilo moja. Pampu ya umeme, mipira ya injekta na bomba la kurudisha mafuta tangini vilifungwa vipya. Kizima moto kikawekwa karibu na mlango, si chini ya kitanda.

Mfumo wa maji ulionekana rahisi, na nadhani ndiyo maana haukupewa siku yake. Mipira iliunganishwa, hita ikarudishiwa mipira yake, hewa ikatolewa kwa kuinua pua ya gari kwenye mteremko na kufungua skrubu iliyo juu ya rejeta. Swichi ya feni iliachwa ileile ya Volkswagen, mbele kwenye rejeta. Gari likazunguka Arusha bila shida yoyote. Lilivuta vizuri, halikuchemsha hata kwenye foleni.

Kasoro moja ilijitokeza: ukitoka kwenye kasi na kukaribia kusimama, injini ilizimika. Haikuwa kila mara, na gereji ilisema itazoea.

Kupanda Soni

Safari ya kwanza ilikuwa Lushoto. Kutoka Mombo barabara inapanda kwa kona kali zaidi ya nusu ya njia, na mzigo ulikuwa kamili. Kabla ya kufika Soni, mshale wa joto ukapanda bila kusita, na taa nyekundu iliyo ndani ya geji ikaanza kupepesa.

Mzee alisimama, akafanya alichofundishwa na Land Rover za ujana wake: akafungua hita hadi mwisho ili joto liingie ndani. Mshale ulishuka ghafla, ndani ya muda mfupi, hadi katikati. Wakaendelea. Wakafunga hita, kwa sababu ndani palikuwa tanuri, na baada ya kona chache mshale ukapanda tena. Mama alishuka, akajifunga khanga mkononi, akagusa bomba la maji chini ya gari linalokwenda mbele. Injini inachemka, na bomba lile lilikuwa la uvuguvugu tu.

Walirudi Arusha usiku, hita ikiwa wazi njia nzima. Gereji ilikuwa na tiba tayari.

"Mama, themostati tuitoe tu. Nchi yetu hii ya joto haiihitaji."

"Fundi wangu, Lushoto saa kumi na moja alfajiri ni nchi ya joto?"

Tiba hii imeenea mno hapa kwetu na inastahili maelezo. Themostati ni vali inayobaki imefungwa injini ikiwa baridi, kisha hufunguka kwa joto na kuruhusu maji yapite kwenye rejeta. Bila themostati injini haifikii joto lake la kazi. Kontrolboksi inaona injini ya baridi, inaongeza petroli kama vile ndiyo kwanza imewashwa. Gari linakunywa, oili inachafuka, na tatizo la kweli linabaki palepale likisubiri mlima mrefu zaidi.

Alichokigusa mama kilikuwa jibu lenyewe. Kama hita ingekuwa inasaidia kwa kutoa joto tu, kama rejeta ndogo ya pili, mshale ungeshuka taratibu. Ulishuka ghafla kwa sababu themostati ilifunguka. Kwenye Subaru themostati haiko pale maji ya moto yanapotoka kwenye injini. Iko pale maji yaliyopoa yanaporudi. Ili ijue injini ina joto, lazima iguswe na maji ya moto yanayozunguka kwa njia ya hita. Kwenye Subaru yenyewe njia hiyo haifungwi. Kwenye kombi hita ina vali, na ukiifunga maji yanasimama. Themostati inakaa kwenye maji yaliyolala, inadhani injini ni baridi, na rejeta nzima kule mbele haipati kitu. Mjini mzigo ni mdogo na joto linaifikia pole pole kwa njia ya chuma. Mlimani halisubiri.

Marekebisho na matokeo

Dawa yake ilikuwa kipande cha mpira na viungio viwili vya T: njia ya mkato kabla ya vali ya hita, maji yazunguke muda wote hita ikiwa wazi au imefungwa. Themostati mpya ikafungwa. Hewa ikatolewa upya, safari hii kwa subira, na mfumo ukajazwa kulanti. Kwenye kifuniko cha tangi la maji mama alibandika karatasi: "USIONGEZE MAJI. ULIZA."

Sensa ya mwendo nayo ikapewa haki yake. Kifaa kidogo cha kutoa mapigo ya umeme kilifungwa kwenye kebo ya spidomita na waya ukapelekwa kwenye kontrolboksi. Kuzimika kukaisha. Kontrolboksi ilikuwa haijui kama gari linatembea au limesimama, kwa hiyo haikujua wakati wa kushika silensa, ule mzunguko mdogo wa injini mguu ukiwa umeondoka kwenye mafuta.

Safari iliyofuata ilikuwa ya Iringa. Kupanda Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni ni mtihani wa haki: bonde lenye joto, kisha mwinuko mrefu nyuma ya malori ya Zambia na Kongo yanayotambaa, hakuna nafasi ya kupita. Kombi ilipanda kwa gia ya pili na mara chache ya tatu, hita imefungwa, mshale katikati. Feni ilisikika ikiwaka na kuzima, jambo ambalo kule Soni halikutokea kabisa.

Ulaji wa mafuta haukushuka kama mzee alivyotarajia. Kisanduku kile kinasukuma upepo uleule injini iwe ya nani. Kasi ya kawaida barabarani imepanda, na mteremkoni imepanda zaidi. Nitarudi hapo.

Namba mpya ya injini imeingizwa kwenye kadi ya gari kupitia TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), na bima imejulishwa. Risiti ya muuzaji wa injini ndiyo iliyorahisisha jambo hilo. Anayenunua injini bila risiti ananunua na maswali yake.

Uchambuzi

Uchaguzi wa injini ulikuwa sahihi, lakini si kwa sababu ya namba. Kwa namba TDI ilikuwa bora, na mtu anayeishi Ujerumani au Uholanzi ningemwambia achukue TDI, au airudishe injini ya asili na kuilinda kwa kulanti. Sharti la mama ndilo lililoamua, na lilitajwa kabla ya injini yoyote kutajwa. Nimeona miradi ambayo ilianza na injini nzuri iliyopatikana kwa bei nzuri, kisha sababu zikatafutwa.

Kwa fedha, wazee hawakuokoa chochote. Ukijumlisha pleti, flaiwili, ekzosi ya kuunda, sampu, pampu ya mafuta, kontrolboksi ya pili na kazi ya waya, mradi uligharimu zaidi ya ovahoo kamili ya injini ya zamani. Injini yenyewe haikufika theluthi ya gharama. Jedwali langu la kulinganisha lilikuwa na safu ya vipande vya kuizunguka injini, ila wazee waliisoma bei ya injini kwanza, na bei hiyo ndiyo ilibaki vichwani mwao hadi ankara ya mwisho. Ni afadhali safu hiyo ingekuwa ya kwanza kutoka kushoto, au bei ya injini isiandikwe peke yake kabisa.

Kule gereji, tofauti kati ya sampu na maji inafundisha. Mafundi ni walewale na ujuzi ni uleule. Sampu ilikuwa jambo geni, kwa hiyo ilipimwa. Mipira ya maji kila mtu anaijua, kwa hiyo iliunganishwa kwa mazoea, na hakuna aliyeuliza themostati ya injini hii inasikiaje joto. Majaribio ya Arusha mjini yasingeweza kuigundua kasoro hiyo. Lingehitajika jaribio la mlima lenye mzigo, hita imefungwa, na mtu wa kugusa mabomba. Mama alilifanya barabarani. Gereji ingeweza kulifanya kwa kupanda barabara yoyote ya mwinuko ya Arumeru na pipa la maji nyuma.

Kuzimika kwa injini kulipuuzwa kwa sababu kulionekana kama tabia. Injini ya kontrolboksi haina tabia. Inakosa taarifa fulani. Hilo moja nimeliandika ukutani kwenye gereji ile, kwa ruhusa yao.

Breki ndiyo sehemu ninayoilaumu zaidi. Gari liliongezewa farasi zaidi ya nusu ya waliokuwapo, na diski za mbele na dramu za nyuma zikabaki zilivyokuwa, hazijafunguliwa. Kushuka Kitonga wakati wa kurudi, mzee alisikia harufu ya breki kabla ya kufika chini, akashika gia ya pili na kuiacha injini imzuie. Hakuna kilichotokea. Breki zilifanyiwa kazi baada ya safari hiyo: diski, pedi, silinda za nyuma, mafuta mapya ya breki. Zilipaswa kutangulia injini, na kwenye ripoti zilikuwa mstari wa mwisho, chini ya neno "baadaye".

Giaboksi imevumilia, ila sinkro (pete inayolainisha kubadili gia) ya gia ya tatu sasa inakwaruza ikiwa ya moto. Imeagizwa Ujerumani. Mzee angependa, maadamu inafunguliwa, waweke na uwiano mrefu zaidi ili injini itulie kwenye lami ya Dodoma. Nimemshauri asifanye hivyo. Injini hii haina mvuto wa chini kama ile ya zamani, ambayo ilitoa toki yake yote kwenye mizunguko 2,600. Subaru inataka ipite 3,500. Ukiirefusha gia, lami itakuwa tulivu na Kitonga itapandwa kwa gia ya kwanza.